Mgongo Uliobaki Kitini

Ofisini walimwita Nukta. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza wa kazi, kwa sababu alikuwa mtu wa kurudisha barua ya bosi mzima kwa ajili ya nukta moja iliyosahauliwa, na hakujali nani atanuna. Mumewe, fundi umeme asiyeishiwa mzaha, alilisikia siku moja alipokwenda kumchukua kazini, akalibeba mpaka nyumbani. Tangu hapo aliyebaki kumwita mama ni binti yao wa darasa la sita peke yake.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili alipohamishiwa masjala ya vizazi na vifo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mwendo wa haraka, na ugonjwa kwake ulikuwa habari za watu wengine. Ilikuwa imeamuliwa kwamba rejista zote za zamani ziingizwe kwenye kompyuta, na mkuu wa masjala alitaka mtu ambaye kosa halimpiti machoni. Kazi yenyewe ilielezeka kwa pumzi moja: fungua rejista, soma jina, tarehe, mahali na wazazi, andika, geuza ukurasa. Rejista zilikuwa kubwa kama mlango wa kabati. Kwa miaka thelathini na mmoja zilikuwa zimeandikwa na mkono mmoja, kwa herufi nyembamba zilizolalia kushoto kama nyasi zilizopitiwa na upepo.

Alipewa meza ya mwisho, karibu na dirisha, pamoja na kiti alichokikuta pale. Kilikuwa kiti cha mbao nyeusi, chenye mikono, na mahali pa kukalia pamefumwa kwa kamba za ngozi. Kamba hizo zilikuwa zimebonyea upande mmoja kwa kukaliwa miaka mingi, kwa hiyo siku ya kwanza alijihisi kama mtu aliyeingia kwenye kitanda ambacho mwenzake ametoka sasa hivi. Akauliza kama kuna kiti kingine. Mkuu wa masjala akamwambia vipya vimeagizwa, avumilie kidogo.

Maumivu yalianza wiki ya tatu. Yalikuja saa nne asubuhi, chini ya bega la kushoto, yakashuka taratibu mpaka kiunoni, na saa kumi alipoinuka kwenda nyumbani yakamwacha. Kesho yake yakarudi saa nne ile ile, kama mtu aliyeajiriwa. Kufika mwezi wa pili hayakuwa yakiondoka tena. Nukta alijikaza kisabuni. Alimeza vidonge, akajipaka dawa ya kuchua mpaka mumewe akasema chumba chao kinanuka kama chumba cha kubadilishia nguo cha timu iliyofungwa. Alicheka naye. Lakini Jumapili moja, walipokuwa wakitoka matembezini, binti yao alirudi nyuma hatua tatu akaanza kumwiga mama yake anavyotembea. Baba akaangua kicheko, kisha akaacha ghafla, kwa sababu mtoto hakuwa ametia chumvi. Alikuwa ameinama mbele, bega la kushoto limezama, shingo imechomoza kama ya kobe.

"Mama," mtoto akasema, "mbona umekuwa kama babu wa mtu?"

Wiki hiyo hiyo mumewe akamsindikiza hospitali. Huko alipokelewa na mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye mikono baridi na maneno machache. Hakuanza na mgongo. Aliweka kiti mbele ya meza, akamwambia Nukta akae kama anavyokaa kazini, ajifanye anaandika, asimjali mtu. Nukta akakaa. Yule mtaalamu akamzunguka mara mbili, akasimama nyuma yake kwa muda mrefu kiasi kwamba Nukta alitaka kugeuka.

"Unaandika kwa mkono wa kushoto?" akauliza.

Nukta akasema hapana, maisha yake yote ni wa kulia.

"Na miaka hii ya kazi ni mingapi?"

Akamwambia kwenye meza hiyo ana miezi miwili na nusu. Mtaalamu akasema, kama anayejisemea, kwamba mgongo wa namna hii haupatikani kwa miezi miwili. Huu ni mgongo wa mtu aliyekumbatia daftari kubwa kwa mkono wa kulia na kuandika kwa wa kushoto, miaka na miaka, na misuli ilikuwa imeshajipanga hivyo na kusahau mpangilio mwingine. Alichukua karatasi akaanza kumpa maagizo, na hapo sauti yake ikarudi ya kawaida. Nyayo zote mbili zikae chini, magoti yawe sawa na nyonga. Skrini iinuliwe kwa vitabu mpaka ukingo wake wa juu uwe usawa wa macho, na rejista isilazwe mezani bali iegemezwe wima kando ya skrini, shingo isiende kuitafuta. Taulo likunjwe na kuwekwa nyuma ya kiuno. Viwiko vikae karibu na mbavu. Kila nusu saa ainuke, atembee mpaka mwisho wa ukumbi, avute mabega nyuma mara kumi. Na kila Ijumaa amwombe mtu ampige picha kutoka ubavuni akiwa kazini, wapate kuona maendeleo.

Nukta hakuwa mtu wa kupewa orodha akaipuuza. Jumatatu alifika na taulo lake. Aliinua skrini kwa rejista nne za miaka ya zamani, akatengeneza kiegemeo kwa mbao ya mumewe, akaweka kengele ya simu ilie kila nusu saa. Wenzake wakamtania kwamba sasa ofisi ina jogoo. Kufika Alhamisi alijisikia vizuri. Alijisikia amenyooka kabisa, mabega yamefunguka, kichwa kimesimama juu ya shingo.

Ijumaa saa tano alimwomba Shangazi ampige picha. Shangazi alikuwa mhudumu wa ofisi, mama mtu mzima aliyepita na birika la chai kila meza tangu enzi ambazo wengi wao walikuwa hawajazaliwa, na hakuna aliyemwita kwa jina lingine. Akashika simu kwa mikono miwili, akalenga, akabonyeza. Kisha akaiangalia picha, na hakumrudishia simu.

"Nipe nione," Nukta akasema.

Katika picha, jua lilikuwa limejaa dirishani na kila kitu kilionekana wazi: taulo mahali pake, skrini usawa wa macho. Mwanamke aliyekaa mbele ya skrini hiyo alikuwa amepinda. Kidevu kilikaribia kugusa meza. Mkono wa kulia ulikuwa umezunguka mahali patupu, kama umekumbatia kitu kipana, na wa kushoto uko mbele, vidole vitatu vimebana kalamu isiyokuwepo. Nukta alitazama mikono yake. Ilikuwa juu ya kibodi, kama ilivyokuwa dakika nzima.

Shangazi akaweka birika chini. "Huyu ni Mkato," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemtambua jirani barabarani.

Ndipo Nukta akasimuliwa. Karani aliyemtangulia walimwita Mkato kwa sababu alikuwa amepinda kama alama ya mkato, na yeye mwenyewe alilipenda jina. Alikuwa wa mkono wa kushoto. Kiti hicho kilikuwa chake, alichongewa na kaka yake alipoajiriwa, na miaka thelathini na mmoja hakukalia kingine. Miaka ya mwisho alikuwa akitembea ukumbini akiangalia sakafu tu. Alistaafu Ijumaa, na Nukta akaja Jumatatu.

"Alikufa lini?" Nukta akauliza.

"Nani kakwambia kafa?" Shangazi akasema. "Yuko kwa binti yake, nyuma ya soko."

Nukta alijaribu kulicheka jambo hilo. Aliifuta picha. Lakini Jumanne iliyofuata, mchana kweupe, watu wakiwa wanapiga soga kwenye meza za jirani, simu ya ofisi ililia na mtu akataka kumwachia mkuu ujumbe. Nukta akavuta karatasi akaandika ujumbe huo huku anasikiliza. Alipoweka simu chini akaona kwamba kalamu iko mkono wa kushoto. Mkono ambao hata mswaki hauwezi kuushika vizuri ulikuwa umeandika mistari minne iliyonyooka, kwa herufi nyembamba zilizolalia upande mmoja. Akafungua rejista, akaiweka karatasi kando ya ukurasa. Hata mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa ule ule. Aliunakili ujumbe upya kwa mkono wake wa kulia, akaikunja karatasi ile, akaitia mfukoni, na saa ya kutoka ilipofika hakwenda nyumbani. Alishika njia ya sokoni.

Nyumba haikuwa na shida kupatikana, kwa sababu binti wa mzee alikuwa fundi cherehani na kila mtu alimjua. Alikuwa mwanamke wa umri wa Nukta, mkanda wa kupimia shingoni, pini midomoni. Alipojua mgeni anatoka masjala alifurahi, akazitema pini, akamwita baba yake.

Mzee akatoka chumbani. Nukta alikuwa amejiandaa kumwona mtu aliyepinda, kwa hiyo macho yake yaliangalia chini sana, yakakutana na mkanda wa suruali. Ikabidi ayapandishe. Mzee alikuwa amesimama wima kama mlingoti, kifua mbele, shingo ndefu, miaka sitini na kitu juu ya mabega yaliyonyooka kama ya askari wa gwaride.

Nukta akamwamkia kwa heshima. Mzee akamkaribisha kwa furaha ya mtu asiyepata wageni wengi. Hakuhitaji kuulizwa. Kila aliyeingia nyumba ile, binti yake akasema, lazima asimuliwe. Ilikuwa wiki ya tatu baada ya kustaafu. Mzee aliamka asubuhi, akatoka chumbani, akagonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu cha mlango. Miaka kumi na mitano alikuwa akipita hapo bila kujua kwamba kizingiti kipo. Binti alisikia kishindo, akakimbia, akamkuta baba yake amesimama anajishika kichwa na kulia, na hakuwa akilia kwa maumivu.

"Nilikuwa nawajua watu kwa viatu," mzee akamwambia Nukta. "Nilimjua mkuu wangu kwa viatu, na jirani kwa viatu. Sasa naona nyuso. Huyu hapa," akamwonyesha binti yake, "nilipomtazama vizuri nikaona ana mvi. Nikamuuliza umezeeka lini. Akasema, baba, siku zote nilikuwa hapa."

Binti akacheka, akajifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Akamkaribisha mgeni akae. Nukta akakaa, na alipokaa, mwili wake ukajipanga wenyewe: bega la kushoto likashuka, mkono wa kulia ukazunguka kitu kisichokuwepo. Mzee alikuwa katikati ya maneno. Akayakatiza. Alimtazama Nukta kuanzia kiunoni mpaka shingoni, polepole, na furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Kile kiti," akauliza, "bado kipo?"

"Kipo, baba. Ndicho ninachokalia."

Mzee aliyatazama magoti yake mwenyewe. "Siku ya mwisho, nilipoinuka," akasema, "nilihisi kama nimeacha kitu. Nilipapasa mifukoni. Miwani ninayo, funguo ninazo. Nikaenda zangu."

Binti hakuelewa, akaleta maji ya kunywa. Nukta akayanywa yote kwa pamoja, akaaga. Njia nzima alikuwa akitafuta neno la kumwambia mumewe, na alipofika akamwambia lote, tangu picha mpaka kizingiti. Mume hakutania. Alisema yeye anajua nyaya tu, mambo haya hayajui, lakini kesho mke wake hakalii kiti kile, hata ikibidi akalie ndoo.

Kesho yake Nukta alikisukuma kiti pembeni, akachukua cha plastiki kwenye chumba cha chai, akaweka taulo lake nyuma ya kiuno. Na jinsi mambo yalivyokwenda, hakuna aliyeamini. Siku ya kwanza tu maumivu yalichelewa mpaka saa sita. Wiki ilipoisha, picha ya Ijumaa ilionyesha mwanamke aliyepinda nusu. Ijumaa iliyofuata alikuwa karibu amenyooka. Mtaalamu wa viungo alimpapasa kwa mikono yake baridi, akatikisa kichwa, akasema aendelee hivyo hivyo. Nyumbani binti yake alimwiga tena, na safari hii hakukuwa na cha kuiga. Nukta alianza kusahau.

Siku ya kumi na tisa fundi cherehani akampigia simu. Hakulaumu, wala hakuonekana kujua kwamba kuna mtu wa kulaumiwa. Alisema baba ameanza kuinama tena. Ilianza mabegani, sasa imefika kiunoni. Anapita mlangoni bila kugusa kizingiti. Amekataa kwenda hospitali. Kila siku anauliza jambo moja tu, kwamba yule dada wa masjala anaendeleaje, naye ameona bora apige amuulize mwenyewe.

Nukta akajibu kwamba anaendelea vizuri. Alipokata simu alikaa muda mrefu akikitazama kiti pale pembeni. Vumbi lilikuwa limeanza kukaa kwenye mikono yake, lakini zile kamba za ngozi zilikuwa safi na zimebonyea, kama kwamba kuna mtu juu yake.

Mumewe alimwambia kwamba mgongo wake ni wake, hakuuiba kwa mtu. Aliyasema hayo kwa upole, mara tatu, na mara zote Nukta alikubali. Lakini alikuwa ameuona uso wa mzee akimtazama binti yake, na picha ile ilikataa kumtoka. Kwa hiyo Jumatatu, bila kumwambia mtu, alikirudisha kiti cha mbao mezani. Alikikalia kuanzia saa mbili mpaka saa sita, kisha akahamia kile cha plastiki.

Jioni alimpigia fundi cherehani, akajifanya anaulizia tu hali. Fundi alikuwa na maajabu ya kusimulia. Leo baba amenyooka asubuhi nzima. Amekaa mlangoni akiangalia wapita njia, anawasalimu wanaomjua na wasiomjua. Saa sita akaanza kupinda, na sasa hivi yuko kama jana.

Ikawa hivyo wiki tano. Asubuhi mzee aliona nyuso, jioni aliona viatu. Asubuhi Nukta alipinda, akaandika majina ya watoto waliozaliwa zamani na watu waliokwisha kufa, na mara nyingine mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe ukaning'inia hewani, unasubiri kalamu. Mchana alijinyoosha, akafanya mazoezi yote ya mtaalamu kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Mwili ukachoka kuvutwa huku na huku. Misuli ikawa inakaza bila taarifa. Siku moja aliinama kumfunga binti yake kamba ya kiatu akashindwa kuinuka, na mtoto akalazimika kumwita baba. Mtaalamu alipoziona picha mpya alizisukuma kando, akamwambia waziwazi kwamba kama kuna kitu anafanya kwa siri, akiache, maana kuna siku mgongo huu utachagua upande mmoja na hautarudi.

"Siwezi kukiacha," Nukta akasema.



Shangazi ndiye aliyelimaliza jambo hilo, ingawa hakuwa ametumwa. Alikuwa akipita na birika asubuhi na alasiri, na macho anayo. Jumamosi alikwenda nyuma ya soko kushonesha gauni. Alichomwambia mzee huko hakuna ajuaye. Jumanne, saa tano asubuhi, Nukta akiwa amekumbatia hewa mbele ya skrini, alisikia ofisi nzima imenyamaza. Akageuza shingo kwa shida. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, wima, amevaa koti lake la kazi la zamani. Binti yake alikuwa nyuma yake.

Mzee hakwenda moja kwa moja kwenye meza ya mwisho. Alipita meza moja baada ya nyingine, akawapa watu mkono, na kila mmoja alimtazama usoni kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida. Wengine aliwaambia, kumbe wewe ndiye wewe. Mkuu wa masjala alitoka ofisini kwake, mzee akamtazama, akasema alikuwa akidhani ni mtu mrefu, na watu wakacheka kidogo. Alipomaliza nyuso zote alifika dirishani.

"Mwanangu, inuka," akasema.

Nukta akatikisa kichwa. "Baba, nusu siku tu. Naiweza."

"Huiwezi. Nimeambiwa mpaka kiatu cha mtoto kinakushinda." Akashika mkono wa kiti. "Sikiliza. Mgongo huu niliupinda mimi. Kila mwaka daktari aliniambia weka rejista juu, inuka, jinyooshe. Nikamwambia kesho. Miaka thelathini na mmoja ya kesho. Wewe hukuwa hata na habari."

"Na nyuso?"

Mzee akafikiri. "Nimezitazama miezi minne," akasema. "Sikuwa mvivu. Nimezitazama vizuri."

Nukta akainuka. Alitarajia jambo kubwa, mlio au kizunguzungu, lakini kilichotokea kilikuwa kidogo sana. Mzee alikaa. Kamba za ngozi zikalia. Alijiegemeza, akavuta pumzi moja ndefu, na watu wote waliosimama pale, makarani tisa na mkuu wao, walimwona akiinama polepole, kama mtu anayesinzia, mpaka uso wake ukaondoka mbele yao na wakabaki wanaangalia kisogo. Binti yake alifunika mdomo kwa mkanda wa kupimia. Na Nukta, palepale alipokuwa amesimama, alihisi kitu kama mkono ukiondolewa katikati ya mabega yake, mkono ambao alikuwa ameuzoea kiasi cha kutoujua.

Mkuu wa masjala, kwa kuwa hakujua la kufanya, akasema kiti ni mali ya ofisi na kitahitaji karatasi. Shangazi akamwambia kiti kilichongwa na kaka wa mtu, na karatasi kama anaitaka akaiandike. Walikibeba mpaka nje, kikapakiwa kwenye gari la mume wa Nukta, aliyepigiwa simu aje, kati ya ngazi na mabunda ya nyaya.

Mzee aliishi mwaka mmoja na nusu baada ya hapo. Kiti kiliwekwa kwenye pembe ya chumba chake, na hakikukaliwa na mwingine. Binti yake alikifunika kwa kitambaa, kisha akakifunua, kwa sababu kitambaa kila asubuhi kilikuwa kimezama katikati na kuchukua umbo la mtu. Nukta alikwenda kumtembelea kila mwezi. Alizoea kukaa chini kwenye mkeka, miguu mbele, ili mzee amwone usoni bila kujisumbua, na wakazungumza habari za rejista, majina aliyoyaandika akiwa kijana na watu waliokuwa nyuma ya majina hayo. Hakuwahi kusema anajuta. Mara moja tu alimuuliza Nukta kama mvi za binti yake zimeongezeka, na Nukta akamwambia ukweli.

Alifariki mchana, baada ya chakula. Wiki mbili baada ya maziko wanawake hao wawili walikitoa kiti uani. Hawakukikalia, hawakukigawa. Fundi alileta shoka, Nukta akaleta mafuta ya taa, na wakakichoma juani mpaka likabaki jivu. Jioni ile kila mmoja nyumbani kwake alihisi maumivu madogo chini ya bega la kushoto. Yalikaa siku tatu. Hawakuambiana mpaka yalipokwisha.

Siku ya nne Nukta alipita kumwona mwenzake. Alimkuta kwenye cherehani yake ya umeme, juu ya meza fupi, amejikunja mpaka pua inakaribia sindano, haoni wala hasikii. Nukta akasimama mlangoni akimwangalia. Hapakuwa na la ajabu pale, ni mtu tu na kazi yake. Akaingia, akazima mashine.

"Dada, una matofali?"

Fundi akasema yako uani, yalibaki ukuta ulipojengwa. Akauliza ya nini.

"Simama kwanza, meza hii ni fupi mno," Nukta akasema, na akatangulia kwenda kuyaleta.